Kabla hujauimba mvinyo, shika mkasi

Ukitaka kutunga albamu nzima juu ya mvinyo, usianzie baa. Anzia shambani, tena uende siku ya kupogoa, si siku ya mavuno. Siku ya mavuno kila kitu kinajiimba chenyewe: vishada vimening'inia, makreti yamejaa, watu wanacheka, wapiga picha wamefika. Siku ya kupogoa hakuna cha kupiga picha. Kuna safu za mizabibu, kuna mkasi, na kuna mtu anayekata matawi mazuri ya kijani huku wewe mgeni ukijiuliza kwa nini anaharibu mali yake. Albamu yako iko hapo.

Vijana wengi wenye gitaa huniletea nyimbo za mvinyo. Wanaupenda kweli, na mapenzi yao siyatilii shaka. Lakini karibu kila wimbo una glasi, una mshumaa, una mwanamke mwenye gauni jekundu, na ukifika ubeti wa pili hakuna kilichoongezeka. Mtunzi amekutana na mvinyo ukiwa umeshafika mezani. Ulikotoka hakujui, na aliyeutolea jasho hajamwona. Kwa wimbo mmoja hilo linaweza kupita. Kwa albamu ya nyimbo tisa halipiti, kwa kuwa kufikia wimbo wa tatu maneno ya mezani yameshakwisha.

Mfano wangu utakuwa Dodoma. Sioni mahali pengine kwetu ambapo mzabibu na muziki mkubwa wa jadi vimekaa jirani namna hii. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kirefu cha vumbi na upepo. Wamisionari Wakatoliki ndio walioleta mizabibu, na jina la misheni ya Bihawana halikosekani kila historia hiyo inaposimuliwa. Leo ukitoka mjini utaikuta Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, na kule Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Na ardhi hiyohiyo ni ya Wagogo, wenye ilimba ya vyuma, zeze la nyuzi, ngoma za muheme na kuitikiana kwa sauti nyingi kunakomfanya mgeni asimame barabarani asikilize.

Sasa turudi kwenye mkasi. Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala majira ya baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuwekea majira: akipogoa, mti unashtuka, unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi kama minne kuna vishada vya kuvuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na mvua na mara nyingine kiangazi, Agosti na Septemba. Tawi likikatwa hutoa maji. Utayaona yakikusanyika kwenye jeraha, tone linaning'inia, linadondoka. Wakulima wa mizabibu nchi nyingi husema mti unalia. Simama mbele ya tone hilo dakika tano na daftari lako. Halafu omba ushike mkasi, ukate matawi kumi chini ya macho ya mwenye shamba. Utajifunza ni macho mangapi ya kuchipua ya kuacha kwenye tawi, utajua ganzi ya kidole gumba baada ya saa moja, na utajua kishindo kile kifupi cha mti mbichi ukikatika. Kishindo hicho kirekodi kwa simu. Wimbo wa kwanza wa albamu unaweza kuanza nacho.

Mwaka wa mzabibu basi ndio uwe uti wa mgongo wa albamu. Kupogoa, kuchipua, maua, zabibu kubadilika rangi, kuvuna, kuponda, kuchachuka, kutulia ndani ya pipa, kumimina. Hizo tayari ni hatua tisa, na kila hatua ina mtu wake na saa yake. Kwa kuwa mavuno ni mawili, unaweza kuigawa albamu pande mbili. Upande mmoja ni wa mvua, ambapo mkulima halali kwa sababu ya ubwiri unaoshambulia majani na vishada kukiwa na unyevu. Upande wa pili ni wa kiangazi, ambapo adui ni ukame na kinachotafutwa ni maji ya kumwagilia. Huna haja ya kutoa nafasi sawa kwa kila hatua. Maua ya mzabibu ni madogo mno, ya kijani, na hupita bila kelele. Yape dakika moja ya zeze bila maneno, uendelee.

Kuchachuka, kinyume chake, kupe wimbo mrefu kuliko zote. Zabibu zikishapondwa, kinachopatikana wakulima wa Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu. Chachu huila sukari iliyomo, ikatoa kilevi na hewa ya kabonidioksaidi, na ndiyo maana pipa linachemka bila moto. Weka sikio karibu na pipa dogo: utasikia kama manyunyu juu ya majani makavu, mara yanakolea, mara yanapungua. Mapigo yake hayana mpangilio wa ngoma, lakini mpiga ngoma mzuri akiyasikiliza dakika kumi anaanza kuyajibu. Niliwahi kumwona mmoja akiyajibu kwa kucha za vidole tu juu ya ngozi ya ngoma, na nikafuta mistari minane ya maneno niliyokuwa nimeiandalia sehemu hiyo. Hapo hapo naomba unisikilize kwa makini. Hewa hiyo haina rangi wala harufu ya kukuonya, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, na hujikusanya chini na ndani ya matangi. Imeshaua watu kwenye viwanda vya mvinyo nchi nyingi. Usiinamishe kichwa ndani ya tangi kwa ajili ya kurekodi, usiingie peke yako chumba kilichofungwa, na mwombe mwenye kiwanda akuonyeshe pa kusimama. Kipaza sauti kifunge kwenye fimbo.

Mwulize pia rangi inatoka wapi. Minya punje ya zabibu nyekundu kati ya vidole: kwa aina nyingi, maji yanayotoka hayana wekundu wowote. Wekundu umo kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huwa mwekundu kwa sababu mchuzi umeachwa ulale na maganda yake kwa siku kadhaa. Ukiyatenga mapema, unapata mweupe au wa waridi. Mimi niliposikia hili mara ya kwanza nilinyamaza safari nzima ya kurudi mjini. Ni wimbo wa ndoa huo, kama unajua kuusikiliza.

Maneno ya ulimi wetu

Baada ya shamba ndipo uonje, na uonje kama kazi. Funda moja, lizungushe mdomoni, limeze au liteme, andika. Asiyekunywa, kwa dini yake au kwa afya yake, asijione amefungiwa mlango: anuse tu, aonje mchuzi kabla haujachachuka, na amhoji anayeonja. Nimewahi kupokea ubeti bora kabisa wa harufu ya pipa kutoka kwa mtu ambaye maisha yake yote hajanywa kilevi. Na ukishaonja, funga chupa. Usitunge umelewa. Ukilewa, mwendo wa wimbo unakudanganya: unauona umetulia kumbe umelegea, na kesho yake unakuta ubeti uliokutoa machozi usiku hauna hata kitenzi.

Lililo gumu ni maneno. Waonjaji waliofundishwa kwa vitabu vya Ulaya watakwambia mvinyo huu una cheri, ule una matunda ya msituni. Matunda ambayo hujawahi kuyashika hayawezi kukuliza, wala hayatamliza msikilizaji wako wa Kongwa au Tanga. Kiswahili kina maneno yake, tena makali. Ule ukavu unaokamata fizi na ulimi, kama umeng'ata ndizi mbichi, unaitwa ukakasi. Ule unaokutoa mate pembeni mwa mdomo ni uchachu, na uchachu wenyewe si mmoja: kuna wa ukwaju, kuna wa ubuyu, kuna wa limau, kuna wa maziwa ya mgando. Harufu tafuta kwenye zambarau zilizoiva zikapasuka, kwenye furu, kwenye ngozi, kwenye sega la asali, kwenye udongo mvua inapoupiga mara ya kwanza baada ya miezi saba. Nilimpa binti mmoja anayefanya kazi jikoni glasi ya mwekundu mkavu wa Dodoma, nikamwuliza unanuka nini. Akafikiri, akasema: "Mtungi wa bibi, ukishamaliza maji." Sijapata sifa ya mvinyo iliyozidi hiyo.

Majina yenyewe nayo ni nyimbo. Mvinyo tumelipata kwa Wareno. Zabibu limetoka kwa Waarabu, na kwao neno hilo ni la zabibu iliyokaushwa. Mbichi ina jina jingine. Maana yake tunda hili lilitufikia kavu, ndani ya magunia, juu ya majahazi, na likaacha jina lake pwani muda mrefu kabla mti wenyewe haujapandwa bara. Kanisani tunasema divai. Na tembo la mnazi lilikuwapo kabla ya yote. Mtunzi anayeyajua haya hatumii mvinyo na divai kama maneno mawili ya kupokezana ili vina vikae sawa. Kila moja linaingia na chumba chake: moja lina meza na wageni, jingine lina altare na kengele.

Na kama unaogopa kwamba utaambiwa umeleta mambo ya kigeni, kumbuka Abunuwasi. Kila mtoto wa Kiswahili amecheka hekaya zake, jinsi alivyowashinda matajiri na kumzidi sultani akili. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, na sifa yake kubwa katika Kiarabu ni mashairi ya mvinyo. Sisi tulimchukua mjanja, mshairi tukamwacha nyuma. Karne chache baadaye huko Misri, Ibn al-Farid, aliyekuwa sufi, alitunga kasida ya mvinyo ambayo wasomaji wake huielewa kuwa ni ya kumpenda Mungu. Na Wageorgia, ambao huzika mitungi ya mvinyo ardhini hadi shingoni na kuimba kwa sauti tatu zinazopishana, wana wimbo wa karne ya 12 unaomfananisha Bikira Maria na shamba la mizabibu. Unahusishwa na mfalme wao Demetre wa Kwanza, na huimbwa harusini. Nawataja hawa ili uone jinsi walivyofanya: wote walisema mvinyo, na wote walikuwa wanasema na jambo jingine. Wako unasema nini? Lijue kabla hujagusa gitaa. Wangu ulikuwa unasema kungoja.

Ubeti mmoja, polepole

Nitakuonyesha ubeti wangu mmoja tangu mwanzo wake. Niliuandika kwa mizani nane, mistari mitatu yenye kina kimoja na wa nne ukiwa na kina chake, kama utenzi. Umbo hili lakaa vizuri kwenye gitaa, na mwimbaji wa pili anaweza kuudaka mstari wa nne bila mazoezi mengi. Toleo la kwanza:

Mvinyo wewe mtamu,
Wanipa mwingi utamu,
Moyoni nina wazimu,
Nipe tena nizidishe.

Hesabu mizani, imetimia. Angalia vina, vimekaa. Na hakuna kitu ndani yake. Toa neno mvinyo, weka soda, weka asali, weka jina la mtu, ubeti hautagundua. Hiki ndicho kipimo ninachokupa: ukiweza kubadilisha kitu unachokiimba na wimbo usitikisike, bado hujakiimba.

Niliporudi kutoka shambani niliandika hivi:

Mama tawi amekata,
Kidonda chake chatota,
Siku mia zitapita
Ndipo kishada kiive.

Hakuna mvinyo, hakuna glasi, hakuna utamu. Kuna mtu, kuna kitendo, kuna muda. Na angalia mstari wa pili. Kidonda chake, cha nani? Cha tawi, au cha mama? Kiswahili kinakuruhusu usiseme, na usiseme. Msikilizaji wa kwanza atasikia mti, wa pili atamsikia mama yake mzazi. Ukikuta mahali pa namna hii kwenye ubeti wako, usiongeze mstari wa kufafanua. Watunzi wengi wanaharibu hapa. Wanapata dirisha, wanalijenga ukuta.

Andika beti nyingi kuliko unazozihitaji. Kwa wimbo wa beti nne, mimi huandika kumi au kumi na mbili, halafu napogoa. Kinachoumiza ni kwamba beti unazokata si mbaya. Ni nzuri, ila zinakula maji ya nyingine.

Ilimba isifuate kinanda

Kuhusu muziki wenyewe nitasema kwa urefu, maana hapa niliumia. Ngazi ya sauti ya Wagogo ina noti tano, na inatokana na sauti ambazo uzi au koo hutoa zenyewe, zile zilizofichwa ndani ya sauti moja nene. Kwa lugha ya wanakwaya, ni do, re, mi, so, na ta. Ile ta ndiyo yenye siri. Iko chini kidogo ya ta ya kinanda, na kinanda hakiwezi kuipiga. Chukua gitaa uisikie mwenyewe: gusa uzi mnene kwa ncha ya kidole, bila kuukandamiza, mahali kabla tu ya kizuizi cha tatu, kisha upige. Kidole kikipata mahali pake, itatoka sauti nyembamba kama filimbi. Hiyo ndiyo. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, akiimba juu ya ilimba yake, utaikuta hiyohiyo kooni mwake. Wasikilize pia Pendo na Leah Zawose, waliotoa albamu ya Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, uone sauti mbili za kike zinavyopandana bila kukanyagana.

Studio moja niliyorekodia zamani, prodyuza aliweka kinanda kwanza, halafu akamtaka mpiga ilimba avute vyuma vyake vikifuate. Mzee wa watu alivuta. Wimbo ukatoka safi na baridi, na yule mzee hakutaka kuusikiliza mara ya pili. Sijausahau uso wake. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja: ilimba au zeze hurekodiwa kwanza, gitaa linafuata kwa sikio, uzi kwa uzi, na kinanda kinabaki nje kama hakiwezi kunyamaza kwenye ta. Kama unatumia kifaa cha simu cha kupimia sauti, kizime. Kitakwambia mzee amekosea.

Kama unataka sauti ya mezani iingie, iingize kama ala, isiwe picha ya urembo. Glasi ya mvinyo yenye shina ni ala kamili. Lowesha kidole, zungusha ukingoni polepole mpaka iimbe, kisha ongeza maji tone kwa tone: kadiri maji yanavyoongezeka, sauti inashuka. Kwa glasi tano unapata ngazi nzima ya ilimba, pamoja na ile ta, kwa sababu maji hayana vizuizi vya gitaa. Chupa ni kinyume chake: ukipuliza juu ya mdomo wake, maji yakiongezeka sauti inapanda, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ni ndogo. Chupa tupu ya mililita 750 inatoa besi nene inayotosha kushika wimbo mzima. Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yalipofika, maana yatapungua kwa mvuke, na utatafuta noti yako usiku kucha. Ngoma za muheme, zile ambazo wanawake wa Kigogo hupiga wakiwa wamezibana kwa mapaja, usizicheze kwenye kompyuta. Waite wenyewe, walipe, na uwaulize wimbo wako ni wa mwendo gani kabla hujawaambia.

Kulipa huku si hisani. Ukichukua kiitikio cha jadi kutoka kijijini, kina wenyewe, hata kama hakuna jina lililoandikwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa pia sanaa za jadi. Andika majina yao wote kwenye jalada, mkubaliane mgao mbele ya mashahidi kabla ya kurekodi, na kazi yako isajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kabla hujaitoa hadharani. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hayo ni mapato ya wajukuu wa yule mpiga ilimba, si yako peke yako.

Jina la kiwanda chochote usilitie ndani ya wimbo. Leo watakufadhili jukwaa, kesho wimbo wako wa kungoja umekuwa tangazo, na mwenye kiwanda kingine hatakualika tena shambani kwake.

Kuna wimbo mmoja ambao albamu ya mapenzi ya mvinyo haina haki ya kuukwepa, nao ni wimbo wa nyumba iliyovunjwa na chupa. Usiuweke mwishoni kama onyo la afisa afya. Uweke katikati, uuimbe kwa ngazi ileile na ala zilezile, kwa sauti ya mtoto anayesikiliza hatua za baba mlangoni akizihesabu kama ziko sawa. Anayependa kitu anakijua chote. Wapo pia wakulima ambao miaka mingine zabibu zimewaozea mikononi kwa kukosa mnunuzi. Nao wana ubeti wao, na hawahitaji uwapambie. Kwenye uzinduzi weka mchuzi wa zabibu usio na kilevi mezani sawasawa na mvinyo, na wasiofika miaka 18 wapewe huo tu.

Upangaji wa nyimbo ufuate desturi ya waonjaji: mweupe kabla ya mwekundu, mkavu kabla ya mtamu, mwepesi kabla ya mzito. Ulimi ukishapigwa na kitu kizito na kitamu hauwezi tena kusikia chepesi, na sikio ni hivyohivyo. Wimbo wako wenye ngoma zote na waitikiaji ishirini ukiutanguliza, ule wa gitaa moja utaonekana umesahauliwa kumaliziwa. Mimi hufungua na sauti moja na mkasi.

Wewe wa Pemba au Malindi huna sababu ya kupanda basi kuja Dodoma kutafuta albamu. Tembo la mnazi lina saa yake yenyewe: mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata karara kwa kisu chembamba, na kilicho kitamu asubuhi kimeshakuwa kikali jioni, kesho kutwa ni siki. Albamu yako itakuwa ya siku moja badala ya mwaka, nyimbo fupi, mwendo wa haraka. Nayo itaanzia kwenye kisu.

Kabla ya rekodi ya mwisho, rudisha nyimbo shambani. Usiwaulize wakulima wametathmini vipi; waimbie wakiwa kazini, gitaa tu, na utazame mikono. Mkono ukisimama, hapo kuna kitu, kizuri au kibaya. Nilipouimba ubeti ule wa tawi, mama mwenye shamba alisimamisha mkasi mstari wa kwanza kabisa. "Mwanangu," akasema, "mimi sikati. Ningekuwa nakata ningeleta shoka. Napogoa."

Neno moja, na vina vyote vitatu vikaanguka. Nilikaa chini ya mwembe ulio ukingoni mwa shamba hadi saa kumi jioni nikitafuta -oa badala ya -ta. Chatota kikawa chaloa, hilo lilikuwa jepesi. Mstari wa tatu uligoma. Siku mia zilikuwa zinapita tu, na sikuwa na neno la -oa la kupita. Mama akapita na ndoo, akauliza kidonda cha mti kimefikia wapi. Nikamwambia bado. Akasema, "Kitapoa tu."

Mama tawi apogoa,
Kidonda chake chaloa,
Siku mia kikipoa
Ndipo kishada kiive.

Kwenye rekodi, mstari wa tatu anauimba yeye.